Mbona

Filamu ya Prometheus niliiona mara ya kwanza wodini. Kompyuta ya shemeji yangu tuliiweka juu ya kile kimeza cha magurudumu wanacholia chakula wagonjwa, sauti tukaipunguza ili tusiwaudhi wenzetu, na mwanangu akalalia ubavu wa kushoto kwa kuwa wa kulia ulikuwa haugusiki. Ilikuwa mwaka 2020. Alikuwa na miaka 15, na ile ilikuwa siku ya tatu ya maumivu. Mwenye selimundu akishikwa anawekewa dripu, anapewa dawa ya kutuliza, anafunikwa apate joto, kisha anasubiri. Kwa kusubiri huko hakuna anayekuandikia dawa. Sisi tulisubiri kwa filamu.

Shemeji ndiye aliyeileta, na aliileta na kinyongo chake. Yeye ni mtu wa Alien, ile ya mwaka 1979. Aliiona kwenye kibanda cha video akiwa bado anavaa kaptula za shule, na mpaka leo anaweza kukusimulia tukio kwa tukio. Prometheus ilipotoka mwaka 2012, mwongozaji akiwa Ridley Scott yuleyule, nia ikiwa ni kueleza yaliyotangulia hadithi ile ya kwanza, aliisubiri kama watu wanavyosubiri mwezi uandame. Alipoiona akakasirika. "Shemeji, utaona mwenyewe," aliniambia. "Wasomi watupu, wamesafiri angani zaidi ya miaka miwili, wakifika tu wanavua kofia za hewa."

Hakuwa peke yake. Filamu ile ilikusanya zaidi ya dola milioni 400 duniani, na Roger Ebert, mhakiki aliyesomwa mno Marekani, akaipa nyota zake zote nne. Lakini watu wengi walitoka ukumbini wamenuna. Miaka 30 ilikuwa imepita tangu Scott aongoze Blade Runner, na muda wote huo hakurudi kwenye hadithi za kisayansi, kwa hiyo watu walikwenda na njaa. Lalamiko la shemeji, la upumbavu wa wasomi, nalikubali bila ubishi. Nafanya kazi maabara tangu mwaka 2001 na sijagusa kichupa cha mkojo bila glavu. Humo ndani yumo mtaalamu wa miamba ambaye vyombo vyake ndivyo vinavyochora ramani ya mapango, na ni yeye anayepotea. Yumo mwanabayolojia anayekutana na kiumbe mfano wa nyoka mweupe, kinainuka na kutanua shingo kama swila, naye anakinyooshea mkono na kukisemesha kama anayembembeleza paka. Kikamvunja mkono. Mwanangu alicheka, kisha machozi yakamtoka kwa sababu kucheka kulimuuma.

Lalamiko jingine ndilo lililonifanya niandike. Watu walisema: filamu inauliza, haijibu. Saa mbili nzima watu wanamtafuta muumba wao, wanampata, na hawaambiwi kitu. Shemeji alilisema hilo kwa uchungu kuliko lile la kofia. Alihisi ameibiwa.

Kwa ambaye hajaiona: mwaka 2089 wanaakiolojia wawili, Elizabeth Shaw na mwenzake Charlie Holloway, wanakuta mchoro pangoni katika kisiwa cha Skye, Uskoti. Mchoro wa aina hiyohiyo umeshaonekana kwa mataifa ya kale ambayo hayakuwahi kukutana: jitu refu linaonyesha kidole kwenye kundi la nyota. Wao wanauona ni mwaliko. Tajiri mzee, Peter Weyland, anatoa fedha na meli, na mwishoni mwa mwaka 2093 wanatua wanakoamini wanaishi waliotuumba. Wakifika wanakuta ghala la silaha. Waliotuumba walikuwa wanajiandaa kuja kutuangamiza, miaka kama 2,000 iliyopita, na kifo kikawawahi humohumo kwenye mapango. Mmoja tu bado yu hai, usingizini.

Katika filamu viumbe hao wanaitwa Wahandisi. Baadaye tulipata nakala yenye msimulizi wa Kiswahili, wale wanaoingiza sauti yao juu ya picha, na yeye aliwaita Mafundi. Nimelipenda neno lake kuliko la wenyewe. Mhandisi yuko mbali, ana ofisi na mhuri. Fundi unamjua kibanda chake. Fundi ni mtu unayeweza kumrudia na gauni mkononi ukamwambia: fundi, mbona kwapa limebana?

Na hapo ndipo Kiswahili kinaponisaidia kuielewa filamu hii kuliko walivyoielewa wengi waliokasirika. Sisi tunayo "kwa nini" na tunayo "mbona". Kwa nini mvua hainyeshi, ni swali. Atakayelijibu ni yeyote mwenye elimu ya hali ya hewa. Mbona hukuja jana, si swali la elimu. Unayeulizwa ni wewe, na huwezi kumtuma mwingine akujibie. Ndani ya mbona mna dai, mna masikitiko, na mna mategemeo pia, maana mtu usiyemtegemea humwambii mbona. Ukiona mtu amekuambia mbona, jua bado hajakata tamaa na wewe. Shaw hakusafiri miaka miwili kwa ajili ya kwa nini. Msalaba wa marehemu baba yake unaning'inia shingoni, hana uwezo wa kuzaa, na anataka kusimama mbele ya aliyemtengeneza na kumuuliza: mbona?

Nieleze sasa kwa nini neno hilo linanichoma.

Tulioana mwaka 2004. Wakati huo nilikuwa nimeshapima mamia ya watu selimundu kwa mikono yangu, na sikuwahi kujipima. Mume wangu naye hakupima. Mtoto wetu wa kwanza alipofika miezi minane, viganja na nyayo vilimvimba, vikawa kama mkate uliokaa sana kwenye chachu, akawa analia ukimgusa hata kwa shuka. Mama mkwe alisema ni baridi. Mimi nilijua. Nilimchukua damu mwenyewe, kisha usiku uleule, zamu yangu, nikajichoma kidole.

Kipimo chenyewe ni kidogo tu. Tone la damu kwenye slaidi, tone la metabisulfaiti ya sodiamu ambayo kazi yake ni kuimaliza oksijeni, unafunika kwa kioo chembamba, unaziba kingo hewa isiingie, unasubiri. Chembe nyekundu ukizitazama mwanzoni ni duara, zimebonyea katikati kama kitumbua kilichobonyezwa kwa kidole. Zinaogelea. Kisha, kama ni zenyewe, moja inaanza kuvutika upande. Inachongoka ncha. Ya pili yake inapinda. Za mwanangu zilipinda mapema, nyingi, zikalala zimeshikamana kama majani yaliyofyekwa. Zangu zilichukua muda, na nikaanza kupata tumaini. Nilipotazama tena zilikuwepo, chache, zimepinda. Nilikaa na hadubini ile mpaka taa ya chini ikaanza kuunguza vidole. Hivyo nilivyojua kwamba nusu yake imetoka kwangu. Nusu ya pili tuliithibitisha kwa baba yake wiki hiyohiyo.

Basi fikiria nilivyojisikia filamu ilipoanza. Jitu jeupe kama chokaa limesimama juu ya maporomoko ya maji. Walipiga picha Dettifoss, kule Iceland. Linafungua kikombe, linakunywa kitu cheusi, na kamera inaingia mpaka kwenye mshipa. Tunaona nyuzi za DNA zikigeuka nyeusi, zikioza, zikikatika. Jitu linaporomoka majini vipande vipande, na humo majini nyuzi zinaungana upya, seli inagawanyika, uhai unaanza. Mwanangu akasema, "Mama, damu yake imeharibika." Nikasema ndiyo. Akasema, "Sisi tumetoka kwenye damu iliyoharibika." Sikusema kitu.

Elimu inalo jibu la kwa nini. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alifanya uchunguzi huku kwetu Afrika Mashariki, na mwaka 1954 akachapisha matokeo: mtu aliyerithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu ana kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana chembechembe hii ya urithi imebaki kwenye nchi za mbu kama pwani yetu ya Tanga. Imewaokoa watoto wengi wasife na homa. Lakini wawili waliookolewa hivyo wakioana, kila mimba ni bahati nasibu: mmoja kwa wanne anarithi kote kuwili. Mwanangu nilimweleza haya akiwa na miaka 12, nikiwa nimejichorea na mchoro. Nilidhani namwondolea mzigo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo mimi ndiyo gharama."

Hakuna kosa hata moja katika jibu la Allison. Ni jibu la kwa nini, tena zuri. Mwenzangu wa kazini akiniuliza nitampa hilohilo. Mwanangu alikuwa ameuliza mbona.

Usiku ule wodini tukafika kwenye lile tukio la meza ya biliadi. David, yule roboti mwenye umbo la mtu, anazungumza na Holloway aliyelewa. Holloway amevunjika moyo kwa sababu Mafundi wamekufa na hana wa kumuuliza. David anamuuliza yeye: nyinyi watu mlinitengeneza kwa nini? Holloway anajibu kwamba walifanya kwa sababu waliweza. David anamwambia afikirie itakavyomuuma kusikia jibu hilohilo kutoka kwa muumba wake. Ni tukio la dakika chache tu, na kwangu ndilo filamu nzima. Mtu amevuka mbingu kudai jibu kwa aliyemuumba, na hapohapo mezani kiumbe chake mwenyewe kinamdai jibu, naye analitoa kama anayemrushia mtu chenji. Muda mfupi baadaye David anamtilia tone la kile kitu cheusi kwenye kinywaji.

Mwanangu alisimamisha filamu kwa kidole kimoja. Hakunitazama. Alisema, "Mimi najua mliponizaa hamkujua. Mlipomzaa dada mlikuwa mnajua. Mbona mlijaribu tena?"

Binti yetu alizaliwa mwaka 2009. Hana ugonjwa, amebeba nusu, kama mimi. Miezi yote tisa nilikuwa na hesabu ile ya mmoja kwa wanne kichwani. Kaka yake hakuwa akiuliza juu ya dada yake. Alikuwa anauliza kama maumivu yake tuliyaona, maana kama tuliyaona, tungewezaje kurudia?

Nilimjibu hivi: "Usiseme hivyo. Sema astaghfirullah."

Akasema. Akabonyeza, filamu ikaendelea.

Nilikwenda kwa sheikh wetu baadaye, mzee anayesomesha baada ya alasiri. Nilimweleza kila kitu, hata habari za filamu. Hakudharau. Alianza na nililotarajia: binti yangu, Mola haulizwi. Kisha akanisimulia kisa kinachopokewa katika vitabu vya tauhidi, cha Abul-Hassan al-Ash'ari wa Basra, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na mwalimu wake al-Jubbai. Mwalimu na wenzake, Muutazila, walishikilia kwamba Mungu hamtendei kiumbe ila lililo bora kwake. Mwanafunzi akamuuliza: ndugu watatu, mmoja kafa mchamungu, mmoja kafa kafiri, mmoja kafa mtoto, wakoje? Mwalimu akasema wa kwanza yuko daraja ya juu, wa pili motoni, mtoto amesalimika. Mwanafunzi akasema: mtoto akilalamika, Mola wangu, ungeniacha nikakua ningeipata daraja ya ndugu yangu? Mwalimu akasema ataambiwa, nilijua ungekua ungeasi, kifo kilikuwa bora kwako. Mwanafunzi akasema: basi yule wa motoni atapaza sauti, Mola wangu, ulijua na mimi nitaasi, mbona hukunifisha mdogo? Al-Jubbai hakuwa na la kusema.

Sheikh alikisimulia kunionyesha kwamba akili ya mja haifiki huko. Mimi nilikisikia kwa sikio jingine. Nilisikia kwamba kila sababu ukiitoa inamwamsha mwingine aliyekuwa amenyamaza. Ukimpa mtoto sababu, kafiri anainuka. Ningempa mwanangu sababu ya kumzaa dada yake, mbona nyingine ingekuwa mlangoni inavua viatu. Na hapo nikaanza kuwaonea huruma waliolalamika kwamba Scott hakuwapa jibu. Wangepewa lipi? Mwenyewe alisema kwenye mahojiano mwaka ule wa 2012 kwamba waliwahi kufikiria kuweka sababu: kwamba Mafundi walimtuma mjumbe duniani miaka 2,000 iliyopita, watu wakamsulubisha. Waliiacha, wakiona ni wazi mno. Sisi Waislamu juu ya kusulubiwa tuna kauli yetu, siingii huko. Nasema tu walifanya vyema kuiacha. Kwa sababu ile hadithi ingekuwa kesi: mlifanya hivi, adhabu yenu hii. Shaw angegeuka mshtakiwa. Swali lake lingekufa bila kujibiwa, na watu wangeondoka wakidhani limejibiwa.

Lakini kuna jambo sikuliona wodini, nililiona mara ya pili, nyumbani, kwenye ile nakala ya msimulizi.

Ni pale Fundi wa mwisho anapoamshwa. Wamesimama mbele yake: Weyland, mzee aliyechoka, David, walinzi, na Shaw. Jitu linawatazama kwa zamu. Shaw ndiye anayepaza sauti kwanza. Anauliza tulikosa nini, mbona mnatuchukia. Weyland anaamuru anyamazishwe, na mlinzi anampiga kwa bunduki mpaka anakunjika chini. Jitu linaliona hilo. Halafu ndipo David anapewa ruhusa ya kusema, kwa lugha ya kale ambayo watazamaji hawakutafsiriwa. Mtaalamu wa lugha aliyeitunga, Anil Biltoo, alieleza baadaye maana yake: huyu mtu amekuja kwa kuwa hataki kufa, anaamini unaweza kumwongezea maisha. Jitu likaweka mkono juu ya kichwa cha David, kwa upole karibu, kama babu anavyomshika mjukuu. Likaking'oa kichwa kile na kumpigia nacho Weyland.

Msimulizi wetu hakuweza kuvumilia ukimya ule. Alimtia Fundi maneno mdomoni, akamfanya aseme kwamba nyinyi viumbe mna kiburi, nitawamaliza. Shemeji alifurahi: angalau huyu kajibu. Kumbe hata Scott alikuwa amepiga picha tukio refu zaidi ambamo Fundi anazungumza, akalikata; lilitoka baadaye kwenye diski, pamoja na vipande vingine vilivyoachwa. Mimi msimulizi alinipita kando. Nilikuwa bado namtazama Shaw pale chini.

Aliyekuja na mbona hakuachwa aimalize. Aliyemnyamazisha si muumba. Ni binadamu mwenzake, kwa kitako cha bunduki, kwa sababu mzee alikuwa na ombi lake muhimu zaidi la kuongezewa siku. Lililomfikia Fundi lilikuwa ombi. Mbona ilibaki sakafuni inatafuta pumzi. Watu tumemlaumu Scott miaka yote hii kwa swali lisilojibiwa, na swali lenyewe halikufikishwa.

Na mimi nilikuwa na "sema astaghfirullah" yangu.

Sisemi istighfari ni kitako cha bunduki, Mungu aniepushe. Nasema namna nilivyoitumia usiku ule. Sikumtaka mwanangu arudi kwa Mola wake. Nilimtaka anyamaze, kwa sababu aliyekuwa anaulizwa ni mimi, na nilijificha nyuma ya Mungu. Nilikuwa Fundi na mlinzi kwa pamoja. Tunafanya hivyo sana, sisi watu wa dini, na tunafanya zaidi kwa wagonjwa na wafiwa. Mtu anafungua kinywa aseme mbona, tunamziba kwa neno zuri. Neno linabaki zuri. Yeye anabaki na mbona yake tumboni.

Nilirudi kwa sheikh na hilo, na alinyamaza muda mrefu, akichezea kishikizo cha kanzu. Kisha akanikumbusha Malaika. Mola alipowaambia anaweka khalifa katika ardhi, wao waliuliza: utamweka humo atakayefanya uharibifu na kumwaga damu? Hiyo ni mbona, tena ya mbele ya Arshi. Hawakuunguzwa. Hawakuambiwa wanyamaze. Waliambiwa kwamba Yeye anayajua wasiyoyajua, kisha Adamu akafundishwa majina, nao wakaonyeshwa. "Ibilisi hakufukuzwa kwa kuuliza," sheikh alisema. "Alifukuzwa kwa kukataa kusujudu."

Tangu siku hiyo nimelifikiria jibu lile walilopewa Malaika. Halina sababu ndani yake. Damu itamwagika, uharibifu utakuwepo, hakuna kilichokanushwa. Mtazamaji mwenye hasira angesema hajajibiwa. Ila wamesikilizwa mpaka mwisho wa sentensi, na aliyeulizwa hakuondoka. Kati ya hilo na Fundi wa Prometheus, tofauti si kwamba mmoja ametoa maelezo na mwingine amenyima. Wote wawili hawakutoa maelezo.

Scott aliwahi kuigeuza hadithi hii upande wa pili. Katika Blade Runner, mwaka 1982, kiumbe kilichotengenezwa na kupewa umri wa miaka minne kinapanda mpaka chumbani kwa aliyekitengeneza kudai muda zaidi. Aliyekitengeneza anajibu. Anaeleza kwa ufasaha, kitaalamu, kwa nini haiwezekani, na anakisifia jinsi kilivyong'aa. Kinamuua. Maelezo yalikuwa kamili, tena ya kweli.

Ilinichukua miezi mitatu. Mwanangu alikuwa ametoka hospitali, anakunywa haidroksiyurea yake na foliki, amerudi shule. Jumamosi moja alikuwa ananisaidia kuchambua mchele uani. Nilimwambia, lile swali lako la wodini. Akasema lipi, ingawa alijua. Nikamwambia: nilijua, niliogopa kila siku ya ile mimba, na nilitaka mtoto mwingine, maumivu yako niliyaona na bado nilitaka. Sina sababu nyingine niliyoificha. Niliiona sura yake inabadilika. Aliendelea kuchambua, akatoa jiwe, akalitupa, akatoa jingine. Kisha akasema, "Mbona hukusema tangu siku ile?" Nikamwambia niliogopa. Hakusema amenisamehe na mimi sikumuuliza. Alikaa pale mpaka mchele ukaisha.

Mwaka uliofuata alishikwa tena, safari hii mgongo. Kompyuta ikarudi kwenye kimeza cha magurudumu, wodi ileile, kitanda cha pili kutoka dirishani. Alitaka Prometheus hiyohiyo, ile isiyo na msimulizi. Tulipofika mwisho, Shaw amebaki peke yake na kichwa cha David kinachosema. Anarudishiwa msalaba wake, anauvaa. Hataki kurudi duniani. Anataka kwenda walikotoka Mafundi, akawaulize. David hamwelewi, anaona jibu halina faida. Shaw anamwambia kwamba hataelewa kwa kuwa yeye ni roboti. Anakitia kichwa kwenye begi, anafunga zipu.

"Alifika?" mwanangu aliuliza.

Mimi Alien: Covenant ya mwaka 2017 nilikuwa nimeshaiona. Nilijua kwamba David ndiye aliyefika, akawamwagia Mafundi mjini mwao kile kitu cheusi, na kwamba Shaw alifia mikononi mwa David yuleyule ambaye yeye ndiye aliyemuunga kichwa. Nilitamani kumwambia sijui.

"Hakuuliza," nilisema. "Alikufa kabla. Aliyekuwa naye safarini ndiye aliyemuua."

Alifumba macho. Nesi alipita, akagusa dripu, akaongeza kasi kidogo, akaenda. Nilidhani amelala.

"Rudisha pale kwenye zipu," alisema.

Nikarudisha.